Nirudishie Jina Langu

Migori,
Jumapili, 3 Machi 2024

Pauline, Mama Valary,

Salamu sina. Marehemu hatoi salamu.

Alhamisi mwanangu Angwenyi alikuwa sokoni Oyugis na ndizi zake. Bitutu, yule tuliyekuwa tukiuza naye dagaa wa omena zamani, akamwona, akaliacha beseni lake la nyanya, akamkumbatia hadharani akilia. "Pole, mtoto yangu, pole sana. Mama alienda na hata hamkutuambia? Si tungekuja hata na sukari?" Mwanangu akadhani nimeanguka jikoni asubuhi ile baada ya yeye kutoka. Akapiga simu. Nikapokea. Akauliza, "Mama, uko?" Nikamwambia, "Niko, nakoroga uji. Unataka nini?" Akaanza kulia, na Bitutu kando yake akaanza kukemea mapepo.

Ndipo ikajulikana. Kumbe mimi Moraa nilikufa mwaka jana kwa presha! Kumbe kile kisiwa cha mawe tulikoanika omena tukiwa wasichana, kisichokaliwa na mtu mpaka leo, kitapewa jina langu. Chama chenu cha boti na wageni kitasimamisha bango ufuoni Ijumaa tarehe kumi na tisa Aprili. Na aliyetangaza kifo changu mbele ya kamati, akajipangusa na macho kwa leso, ni wewe.

Nasikia pia umenisomea misa. Pauline, mimi ni Msabato. Umekula kwangu miaka mingapi na hujui hilo? Sisi tunaamini wafu wamelala. Basi ujue nimeamka, na nimeamka vibaya.

Usinipigie, namba yako nimeizuia. Kwenye simu utanichekesha, kisha nitasahau kwamba nimekasirika, na sitaki kusahau. Andika. Angwenyi hufika Homa Bay kila Ijumaa na ndizi, mpe yeye. Nieleze, kwa mkono wako mwenyewe, nani aliyekuruhusu kuniua.

Marehemu Moraa

*

Homa Bay,
8 Machi 2024

Mama Angwenyi,

Mimi salamu ninazo, hata kama zako zimekauka. Angwenyi amesimama mlangoni ananiangalia kama mchawi, na nimempa chai akakataa. Hongera kwa malezi.

Ndiyo, nilikuua. Sasa nisikilize kabla hujanirukia.

Unamkumbuka Ongolo mzee, wala usijifanye umemsahau. Unajua omena ilivyokuwa ikiuzwa ufuoni pale: mwanamke aliyekataa kulala na mwenye boti alirudi nyumbani na beseni tupu. Wewe na mimi na wenzetu tukakataa. Tukakodi boti letu, tukanunua omena katikati ya ziwa kwa wavuvi wa upande wa pili, tukaianika juu ya mawe yale ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyataka. Wanaume wakakiita Chula Mon, kisiwa cha wanawake, wakawa wanatucheka wakipita. Basi mtoto wake Ongolo ndiye mwenyekiti wetu leo. Anataka kisiwa kiitwe Kisiwa cha Ongolo, na bango liseme baba yake ndiye aliyekigundua "akawapa akina mama nafasi ya kujiendeleza." Kuwapa! Nilipoisikia hiyo karatasi ikisomwa niliona giza.

Sheria ya chama ni kwamba kisiwa hakipewi jina la mtu aliye hai, ili wanasiasa wasije wakajipachika. Nikasimama nikasema, aliyekianzisha kisiwa kile ni Moraa. Mtoto wa Ongolo akaniuliza, "Na huyo mama bado yuko ama alishaenda?" Nikamjibu, "Alienda. Presha." Lilitoka lenyewe, Moraa, hata sikulisukuma. Wakasimama wote kimya kwa heshima yako. Mtoto wa Ongolo kashika kofia mkononi, kichwa kainamisha, kwa ajili yako! Ungemwona ungekufa kweli, kwa raha.

Misa si mimi. Ni Valary wangu. Yeye ndiye katibu, na ndiye anayeandika historia ya kisiwa ya kubandikwa kwenye bango. Alilia sana kwa sababu ulimshonea sare ya shule alipokuwa mdogo, akasema ni lazima tukusomee misa. Ningemwambia nini?

Kwa hiyo kaa Migori utulie mpaka bango lisimame. Likishasimama fufuka unavyotaka, hata na tarumbeta. Nimekupa kisiwa kizima na unanitukana.

Pauline

*

Migori,
17 Machi 2024

Pauline,

Kisiwa kizima! Mawe, mavi ya ndege, na kenge wawili. Asante sana.

Wewe ni Mjaluo, hukuzaliwa Ulaya. Kwenu na kwetu jina hutoka kwa aliyekufa na kwenda kwa anayezaliwa. Mtoto akilia bila kunyamaza, akina mama hukaa wakamwitia majina ya waliotangulia, moja moja, na pale anaponyamaza wanajua ni nani amerudi. Unalijua hili kuliko ninavyolijua mimi. Sasa Mourine, mjukuu wangu, amebakiza wiki chache ajifungue. Habari za kifo changu zimefika hadi kwa wakwe zake. Jumatano nilikwenda kumwona, na mama mkwe wake alikuwa akiyapanga majina kwa vidole: Kemuma, Nyasuguta, halafu akafika kidole cha tatu, akaniangalia, akakikunja. Nimekaa mbele yake nakula ugali wake, na tayari ananipima! Mtoto akinyamaza kwa jina langu mimi nikiwa hai, nitakuwa wapi? Tutatosha wawili ndani ya jina moja?

Na hilo jiwe lenu je? Jina linataka wa kuitika. Siku mgeni akisimama pale akaita Moraa, nani ataitika? Ndege mnandi? Jina langu si la kutundikwa mahali pasipo mtu. Nalitaka lirudi kwa watoto wangu siku yangu ya kweli ikifika. Lifute, Pauline. Nenda kwa kamati yako uwaambie umedanganya. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe umeshafika mwisho wake.

Tena hili ndilo limenikosesha usingizi. Kama kamati ilitaka maiti, kwa nini ukatafute aliye hai? Maiti mnaye. Nyarangi yuko kule. Binti wa mama yangu mdogo, niliyemleta ziwani mimi mwenyewe, mume wako akampenda, akawa mke mwenza wako. Alifia kule mwaka wa njaa ile kubwa, siku Ongolo alipotuma watu wachukue boti letu "ili hao wanawake wajifunze adabu," akatuacha juani siku mbili na Nyarangi ana mimba. Uchungu ulimjia kabla ya wakati. Wewe ulishika kichwa chake, mimi nikapokea mtoto. Wazee wako wakasema aliyefia ziwani hapitishwi langoni, wakamzika kule kule chini ya mawe, wakasema na jina lake asipewe mtoto yeyote. Miaka arobaini hakuna aliyeitwa Nyarangi.

Mtu wa kisiwa kile ni yeye. Unamruka, unakuja kunizika mimi. Kwa nini?

Moraa, marehemu kwa hisani yako

*

Homa Bay,
22 Machi 2024

Mama Angwenyi,

Unajua kwa nini. Unaniuliza ili niandike, ili uione aibu yangu kwa wino. Haya, soma.

Yule mtoto uliyempokea ni Valary. Nilimnyonyesha titi lile lile la mtoto wangu aliyekufa. Baba yake alipofariki nikamleta mjini ili asije akaambiwa na watu. Hajui mama mwingine. Hajui kwamba alizaliwa juu ya mawe. Ndiye anayeandika historia ya kisiwa kile, Moraa, kila jioni ananijia na kalamu, "Mama, niambie tena mlivyokuwa mkifanya," na mimi namwambia yote isipokuwa hilo. Nikitaja Nyarangi atauliza Nyarangi ni nani, maana yeye huuliza mpaka mwisho. Na Ongolo nisingeweza kumwachia. Akabaki nani? Ukabaki wewe. Nilikuua wewe kwa sababu wewe ungepona.

Usije Homa Bay. Usilitaje jina hilo mbele ya mtoto wangu. Ukifanya hivyo, misa nitakayokusomea itakuwa ya kweli.

Pauline

*

Migori,
7 Aprili 2024

Pauline,

Mourine amejifungua msichana. Analia huyo! Majirani walidhani tunamchinja. Siku ya tatu wakakaa kumwitia majina, na mimi nikakaa mlangoni na fimbo yangu miguuni, nikawaambia atakayeita Moraa tutaonana. Nyasuguta, akalia. Bibi wa upande ule, akalia. Wakaita Kemuma, akanyamaza palepale, akapiga chafya. Kwa hiyo ni Kemuma, bibi yangu mimi, na jina langu bado ni langu. Nilipika chapati.

Lakini nikwambie jambo. Kabla ya Kemuma, alipokuwa akilia vile, jina la Nyarangi lilikuja mpaka kwenye meno yangu. Ni wa damu yake, ana haki ya kuitwa. Nikafunga mdomo. Niliwaogopa wazee wako ambao hata hawapo tena, wamekufa wakiwa wameshiba. Nikatoka nje nikalia kwa hasira mpaka Angwenyi akaja kuniuliza nani amefariki tena.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nimekuonea huruma ukurasa mmoja, kisha hasira ikarudi. Unasema ningepona. Nyarangi je? Ongolo alimwacha juani, wazee wakamfungia lango, na wewe unamfuta. Ulimlea mtoto wake vizuri, sikatai, hakuna aliyelea vizuri kuliko wewe. Hiyo haikupi ruhusa ya kumfuta mama yake. Yule binti anaandika kwa mkono wake historia ya kaburi la mama yake na hajui! Hilo hata Ongolo hakulifikiria.

Wazee walisema jina lile lisipewe mtoto. Sawa. Hawakusema lisipewe jiwe. Jiwe haliugui, haliolewi, haliwezi kupatwa na mkosi wa mtu. Lipewe jiwe.

Nitakuja tarehe kumi na tisa; Angwenyi nimemtuma leo leo na barua hii, asingoje Ijumaa. Nitasimama mbele ya kamati niseme niko hai, na nitasema aliyekufa kule ni nani. Valary ni mtoto wa nani sitasema. Hilo ni lako, na una siku kumi na mbili za kumwambia mkiwa mmekaa wawili jikoni, kwa upole, ukiwa umemshika mkono. Usipoziba ufa utajenga ukuta, Pauline. Nakuomba nikiwa nimekukasirikia: mwambie.

Moraa

*

Homa Bay,
22 Aprili 2024

Moraa,

Umefurahi?

Ulikuja na gauni lako la Sabato, siku ya Ijumaa, na mwavuli, ukatembea katikati ya viti kama bibi harusi. Bitutu, hata baada ya kukusikia kwenye simu, alipiga yowe. Mwalimu wa kwaya akaingia majini na viatu. Mtoto wa Ongolo akashika kipaza sauti, jasho linamtoka, "Si huyu mama alienda?" Na wewe ukajibu, "Nimerudi. Nimefuata kitu changu." Watu wakacheka, na hata mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Nilisahau kwa nini umekuja.

Kisha yule kijana akapata nguvu. Sheria ni sheria, akasema, mama yuko hai, basi kisiwa ni cha mzee wangu. Nikaona anafurahi. Na wewe ukasema, "Kule kuna mwenye kaburi. Anaitwa Nyarangi. Baba yako alichukua boti letu akamwacha afie pale." Pwaa, mbele ya wageni. Ulisema kweli na nilitamani kukupigia makofi.

Lakini Valary alikuwa mbele na karatasi zake. Akauliza, "Nyarangi ni nani? Huyo sina kwa historia." Kwa sauti ya kikatibu, na kalamu tayari. Na wewe hukusema kitu. Ulitimiza ahadi yako, mwanamke mgumu wewe. Uliniangalia tu. Ulikuwa umenipa siku kumi na mbili na nilikuwa nimezila zote. Kila jioni nilikaa naye jikoni, nikamwongezea ugali, nikaenda kulala. Ungesema wewe, Moraa! Ungenikosea, ningekuchukia, ingekuwa rahisi. Badala yake ukaniangalia, na watu wote wakageuka kuangalia unakoangalia, na mtoto wangu naye akageuka.

Nikamwambia. "Ni mama yako." Nilikuwa karibu na kipaza sauti, kikalipeleka mpaka kwenye boti.

Alikunja karatasi zake vizuri, ukingo kwa ukingo, kama nilivyomfundisha kukunja nguo. Akaondoka. Analala kwa rafiki yake. Nikimpigia hapokei, nadhani mchezo huo wa kuzuia namba amejifunza kwako. Jana alikuja mlangoni, hakuingia, akasema anataka kila kitu kilichoandikwa. Nilikuwa na barua zako tu. Nimempa zote, na zangu nimemwambia aziombe kwako.

Miaka arobaini watu wameniita Mama Valary. Sokoni, kanisani, hospitalini, hata kwenye msiba wa mume wangu. Jina la Pauline hakuna anayelijua isipokuwa wewe na padri. Sasa sijui niitwe nani. Ulikuja Homa Bay kudai jina lako ukalipata, ukapanda gari ukarudi kwenu. Na langu? Nirudishie jina langu, Moraa.

Pauline

*

Homa Bay,
28 Aprili 2024

Kwa Mama Moraa,

Barua hii nimeiandika mara mbili, moja yako na moja ya Mama. Sitaki mmoja wenu asome kabla ya mwenzake kisha aanze kumweleza. Mmeshaelezana vya kutosha.

Barua zako nimezisoma. Za Mama umempa Angwenyi akaniletea, asante. Nilizipanga kwa tarehe sakafuni nikazisoma kama kesi. Nina hasira na ninyi wote wawili. Mlikuwa mnagombania jina la jiwe, huyu anaua, yule anafufuka, huyu anatisha, yule anatoa siku kumi na mbili. Hakuna hata mmoja aliyeandika, "Tumuulize Valary." Mimi ni mtu mzima, nina watoto wawili. Wewe Mama Moraa ulinishonea sare, ukanipima mabega, ukijua umenipokea kwa mikono hiyo hiyo, na hukusema neno. Kisha umekuja kumlaumu mwenzako. Hilo nitakukasirikia mpaka nitakapochoka, na sichoki haraka.

Mwenyekiti ameniita ofisini. Anasema historia mpya niliyoibandika kwenye bango inaharibia wageni starehe na inachafua jina la mzee. Nikamwambia jina la mzee nimeliacha kwenye bango, halikufutwa: nimeandika yeye ndiye aliyechukua boti. Anasema kamati itakaa kulijadili. Ikae. Bango la ufuoni waling'oe wakitaka. La kule kisiwani hawatalifikia kwa urahisi, maana watu wa boti wote ni vijana wa wanawake waliokuwa wakianika pale, na wamekataa kuwavusha.

Ndiyo, nilikwenda. Jumanne nilichukua kopo la rangi nyeupe na burashi. Kaburi sikulijua ni lipi, mawe yote yanafanana, kwa hiyo nikaandika kwenye jiwe kubwa linaloonekana kutoka majini. Herufi zimepinda. Niliogopa kenge.

Kwa Mama: uliuliza uitwe nani. Ulilala na mimi kifuani nikiwa na surua, ukanifundisha kukunja nguo. Jina lako unalo na hakuna mwenye uwezo wa kukunyang'anya, hata mimi. Lakini sitakuja kukuita kwa jina hilo wiki hii. Bado nimekasirika. Weka chakula, nitakuja nikipoa.

Kwa Mama Moraa: uliuliza mtu akiita jina pale, nani ataitika. Nilipomaliza kuandika nilisimama juu ya jiwe nikaita, Nyarangi. Ndege waliruka, basi. Kijana wa boti akageuza uso upande wa pili, akajifanya anafunga kamba. Nikaita tena, kwa nguvu zaidi, mpaka koo likauma. Kimya. Nikakumbuka ulivyoandika kwamba mtoto huitiwa majina akilia, na kwamba mimi nililia palepale na hakuna aliyethubutu kuniitia lile. Nikaita mara ya tatu.

Halafu nikaitika.

Valary Nyarangi